Utando wa bakteria: Dawa inaua maabara, mbona mgonjwa haponi?



Huenda umewahi kumuuguza mzee aliyelazwa hospitali akawekewa mpira wa mkojo, na baada ya siku kadhaa akashikwa na homa. Mkojo ukapelekwa maabara, majibu yakaja na orodha ya dawa, na mbele ya dawa mojawapo pameandikwa kwamba bakteria waliomo wanauawa na dawa hiyo. Mgonjwa akachomwa sindano siku saba, homa ikashuka, kila mtu akamshukuru Allah. Dawa ilipokwisha, siku ya tatu homa ikarudi. Mkojo ukapimwa upya: bakteria ni yule yule, na dawa inayomuua ni ile ile. Hapo ndipo ndugu wanapoanza kusemezana pembeni. Mmoja atasema dawa ni feki, mwingine atasema daktari hajui kazi, wa tatu atashauri mgonjwa aondolewe hospitali apelekwe kwingine, na mpira ungali mwilini.

Dawa feki zipo, hilo hatukatai. Lakini mara nyingi sababu ya hali hii ni nyingine kabisa, nayo ni kwamba bakteria waliopimwa maabara na bakteria waliong'ang'ania ndani ya mpira, ingawa ni wa ukoo mmoja, hawaishi maisha ya namna moja. Waliopimwa walikuwa wakielea peke yao. Waliobaki kwenye mpira wamejijengea utando. Leo tutaungalia utando huu, jinsi unavyojengwa, na hasa zile jeni zinazompa bakteria uwezo wa kuujenga, kwa kuwa wataalamu wamekwishajua mengi juu yake na sisi tunaouguza wagonjwa tunayahitaji.

Utando wenyewe ni nini

Utando si kitu kigeni kwako. Chukua mtungi ambao haujasuguliwa wiki mbili, ingiza mkono, pitisha vidole ukutani kwa ndani. Ule utelezi unaoushika ndio utando. Ukoga unaouhisi kwa ulimi juu ya meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki nao ni utando. Mwaka 1683 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea darubini zake mwenyewe, alikwangua ukoga wa meno akautazama, akaona vijidudu vingi vikitembea ndani yake. Angalia basi kwamba miongoni mwa bakteria wa mwanzo kuelezwa na binadamu wamo waliotoka kwenye utando. Hata hivyo kwa muda mrefu baada ya hapo wanasayansi walizoea kuwachunguza bakteria waliokuzwa kwenye supu ndani ya chupa, wakielea, na ni katika miaka ya 1970, hasa baada ya makala ya mwaka 1978 ya Bill Costerton na wenzake, ndipo dunia ya tiba ilipoanza kukubali kwamba sehemu kubwa ya bakteria huishi wamegandamana juu ya kitu.

Ujenzi wenyewe huenda hivi. Bakteria anayeelea hugusa uso wa kitu: mpira wa mkojo, sindano ya dripu iliyobaki mshipani, chuma kilichofungwa kwenye mfupa, au bomba la kupumulia. Mwanzo hujishika kwa udhaifu tu na anaweza kubanduka. Akikaa, hujibana, huanza kuzaana, na wote kwa pamoja hutoa ute mzito uliochanganyika sukari ndefu, protini, na hata vinasaba vilivyomwagika kutoka kwa wenzao waliokufa. Ndani ya ute huo hujipanga, wakaacha njia za maji kupita. Utando ukikomaa, baadhi hujifungua na kuondoka wakielea kwenda kutafuta mahali pengine. Ile homa inayorudi siku ya tatu, aghalabu ni hao waliotoka.

Tatizo si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau maambukizi mamoja ambayo hawakuja nayo. Na vifaa vinavyoingizwa mwilini ni miongoni mwa milango mikubwa ya maambukizi hayo.

Jeni nne na mlinzi wao

Jeni, kwa lugha nyepesi, ni agizo lililoandikwa katika vinasaba. Agizo likisomwa, kiumbe hutengeneza kitu fulani. Lisiposomwa, kitu hicho hakipo. Bakteria hasomi maagizo yake yote kwa wakati mmoja. Anaweza kukaa na agizo la kujenga utando kwa muda mrefu bila kulitumia, mpaka hali imlazimishe.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa bakteria aitwaye Staphylococcus epidermidis. Huyu yuko juu ya ngozi yako sasa hivi unaposoma gazeti hili, na yuko kwangu pia, wala hatudhuru. Lakini mwuguzi anapochoma sindano ya dripu kupitia ngozi isiyosafishwa vizuri, humsukuma ndani akaikuta plastiki. Mwaka 1996 watafiti wa Ujerumani walieleza kundi la jeni zake lililopewa jina la ica. Zipo nne zilizopangana bega kwa bega: icaA, icaD, icaB na icaC. Ya kwanza na ya pili hushirikiana kutengeneza uzi wa sukari. Ya nne inahusika katika kuukamilisha na kuutoa nje ya bakteria. Ile icaB huubadilisha kidogo uzi huo ukapata chaji ya umeme chanya, na kwa kuwa ngozi ya bakteria ina chaji hasi, uzi unamnata yeye na mwenzake kama gundi. Pembeni yake ipo jeni ya tano, icaR, ambayo kazi yake ni kuzuia hizo nne zisisomwe ovyo. Mlinzi huyu akilegea, gundi inamwagika.

Mwaka 1999 ilionekana kwamba ndugu yake aliye mkali zaidi, Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda vya operesheni, naye anazo jeni hizo. Tafiti nyingi zimeikuta ica mara nyingi zaidi kwa bakteria waliotolewa kwenye vifaa vya wagonjwa kuliko kwa wale wa ngozi za watu wazima wa afya, ingawa si tafiti zote zinazokubaliana. Wala tusidhani kwamba asiye na ica hana utando. Wapo wanaojenga kwa protini badala ya sukari, na miongoni mwao ni baadhi ya wale stafilokoko sugu wa hospitali waliokwisha kushinda dawa za jamii ya penisilini.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo mimi hulistaajabia kila ninapolisoma. Bakteria hawa wana kipande cha vinasaba kinachohama, kikitoka mahali kimoja na kujichomeka pengine. Mwaka huo huo wa 1999 ilielezwa kwamba kipande hicho kikijichomeka katikati ya jeni ya ica, agizo linakatika, na bakteria huyo anapoteza utando. Lakini kinaweza kutoka tena kikaacha jeni safi kama ilivyokuwa, na utando ukarudi. Maana yake, katika kundi moja ndani ya mpira mmoja, wapo waliojifunga na wapo walio huru kusafiri, na watoto wao wanaweza kubadilisha kazi.

Wanavyoshauriana

Bakteria mmoja akitoa ute peke yake, amepoteza nguvu bure. Kwa hiyo wengi wao wana jeni za kuhesabiana. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo. Wakiwa wachache inapotea, wakiwa wengi inajaa, na kujaa huko ndiko kunakowasha au kuzima jeni nyingine.

Pseudomonas aeruginosa ni bakteria wa majimaji, anayependa sinki, ndoo, vifaa vya oksijeni na vidonda vya moto. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walimharibia jeni iitwayo lasI, ambayo hutengeneza kemikali ya kuhesabiana. Bakteria waliojaliwa jeni nzima walijenga utando mnene wenye minara. Walionyimwa jeni hiyo walijipanga tambarare, na sabuni ya maabara ikawaondoa kirahisi. Watafiti walipoongeza ile kemikali kwa mikono yao, minara ikarudi. Kwa stafilokoko mambo ni kinyume: mfumo wao wa kuhesabiana, uitwao agr, ukiwaka husaidia utando kuachia watu wake waende. Ukizimika, utando hunenepa. Ndiyo sababu wale waliodhani kwamba ukivuruga mawasiliano ya bakteria basi umemaliza kazi, imebidi wafikiri upya.

Juu ya haya ipo molekuli ndogo ndani ya bakteria wengi, iliyogunduliwa mwaka 1987, ambayo kiasi chake huamua kama bakteria ataogelea au atatulia. Ikizidi, anatulia na kujenga. Ikipungua, anaogelea. Jeni nyingi za utando hupokea amri kutoka hapo.

Wapo na wengine wanaofahamika sana wodini. Acinetobacter baumannii ana kundi la jeni liitwalo csu la kutengeneza vinyweleo vya kujishikia, na jeni nyingine, bfmR, inayoamuru vinyweleo hivyo vitengenezwe. Huyu anaweza kukaa kwenye reli ya kitanda kikavu kwa wiki kadhaa akiwa hai. Klebsiella anashikilia mipira kwa vinyweleo vinavyotokana na jeni za mrk. Na Proteus mirabilis ana jeni za kimeng'enya kinachovunja urea iliyomo kwenye mkojo kuwa amonia. Mkojo unapoteza asidi, madini yanaganda, na utando wake unakuwa wa mawe. Mgonjwa ambaye mpira wake unaziba kila mara, na ukitolewa unaonekana una chengachenga kama mchanga, daktari humshuku huyu.

Kwa nini dawa inashindwa

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kipimo cha maabara kilikuwa sahihi. Bakteria wanaoelea walikufa kwa dawa ile. Lakini bakteria yule yule akiwa ndani ya utando anaweza kuhimili dawa mara 10 hata mara 1,000 ya kiasi kinachomuua akielea, na kiasi hicho hakiwezi kutiwa katika mwili wa mtu bila kuudhuru.

Ute huchelewesha dawa, lakini hiyo si sababu kubwa kama wengi wanavyodhani, kwani dawa nyingi hupenya mwishowe. Kubwa zaidi ni kwamba walio chini kabisa hawapati hewa wala chakula cha kutosha, hivyo wamepunguza kazi zao zote, na dawa nyingi za antibaotiki huua bakteria anayefanya kazi, anayejenga ukuta wake au kutengeneza protini. Aliyelala hazimpati. Tangu mwaka 1944, penisilini ilipokuwa bado ngeni, daktari Joseph Bigger alionyesha kwamba wachache kati ya stafilokoko hubaki hai hata dawa ikiwa tele, na watoto wao wakikuzwa hufa kwa dawa ile ile. Hawakuwa sugu kwa kurithi. Walikuwa wamelala tu.

Hata hivyo zipo jeni zinazohusika moja kwa moja. Mwaka 2003 ilielezwa jeni iitwayo ndvB ya Pseudomonas. Bakteria walioharibiwa jeni hiyo walijenga utando wa kawaida kabisa kwa kuutazama, lakini dawa ya tobramaisini ikawaua kwa urahisi zaidi. Ilionekana kwamba jeni hiyo hutengeneza sukari za mviringo zinazoikamata dawa kabla haijafika inakokwenda. Na kwa kuwa ndani ya utando bakteria wamebanana, ni mahali pepesi pa kupeana plasmidi, yaani viduara vya vinasaba vinavyobeba jeni za usugu, hata kati ya jamii mbili tofauti.

Jambo la kumtisha mnunuzi wa dawa nusu nusu ni hili. Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa kwamba, maabara, dawa za jamii ya tobramaisini zikitolewa kwa kiasi kidogo kisichoua, Pseudomonas na E. coli hujenga utando zaidi, na jeni inayohusika ikatajwa. Maabara si mwili wa mtu, na sitaki kulitia chumvi. Lakini yule anayekwenda duka la dawa kununua vidonge vinne kwa kuwa fedha ndiyo hiyo, au anayegawana dawa na jirani, ajue kwamba dozi pungufu si nusu ya faida.

Hivyo basi daktari anaposema "mpira huu tuutoe" au "chuma hiki kitolewe ndipo mgonjwa atapona", hakwepi kutibu. Utando unakaa kwenye kifaa, na kifaa kikitoka umetoka nao. Hata sampuli ya mkojo, ikiwa mpira umekaa zaidi ya wiki mbili, wataalamu wanashauri mpira ubadilishwe kwanza ndipo mkojo uchukuliwe kwenye mpira mpya, la sivyo unapima utando wa plastiki na si kibofu. Vilevile, mgonjwa mwenye mpira akikutwa na bakteria kwenye mkojo lakini hana homa wala maumivu, kwa kawaida hapewi antibaotiki. Usimlazimishe daktari.

Mpira wa mkojo na swala

Hapa tuna jambo letu wenyewe. Wagonjwa wengi wa Kiislamu na wanaowauguza huona vibaya kuswali na mfuko wa mkojo ukining'inia, na kwa nia njema kabisa huuchomoa mfuko kutoka kwenye mpira kila unapoingia wakati wa swala, wakauosha, kisha wakaurudisha. Mara tano kwa siku. Kila unapochomoa pale kwenye kiungio umefungua njia, na bakteria wa vidole, wa sakafu na wa ndoo wanaingia ndani ya bomba ambalo lilikuwa limefungwa. Mpira peke yake, hata ukitunzwa, humwongezea mgonjwa uwezekano wa asilimia 3 hadi 7 kwa kila siku inayopita wa kupata bakteria kwenye mkojo. Hakuna haja ya kuuongeza.

Wanazuoni wamekwishalizungumza suala la mwenye udhuru wa kudumu, kama asiyeweza kuzuia mkojo: hutawadha baada ya wakati kuingia, akaswali katika hali aliyo nayo. Mwenye mpira anaingia humo, na kwa ufafanuzi zaidi muone sheikh wa msikiti wako. Ukitaka kupunguza mkojo kabla ya swala, tumia kibomba cha chini ya mfuko, ambacho kimewekwa kwa kazi hiyo. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, mwaga katika chombo cha mgonjwa huyo peke yake, na ncha ya kibomba isiguse chombo. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata mgonjwa anapobebwa kwenye machela, ili mkojo usirudi. Lakini usilazwe sakafuni. Na kila siku mwulize daktari au muuguzi kwa adabu: je, mpira huu bado unahitajika? Swali hilo peke yake limewaokoa wengi, kwani mara nyingine mpira huachwa kwa kusahauliwa tu.

Vivyo hivyo kwa sindano ya dripu. Pakiwa pekundu, pamevimba au panauma, sema siku hiyo hiyo. Usifunue bandeji kuangalia.

Birika la kutawadhia linalokaa chini ya kitanda nalo liangaliwe. Maji yaliyolala siku mbili ndani ya birika la plastiki ndiyo makazi ya Pseudomonas. Mwaga yaliyobaki, sugua ndani kwa brashi na sabuni, suuza, kisha lifudikize likauke kabisa. Kusugua na kukausha ndiyo kazi kubwa. Kumimina dawa juu ya utelezi ni kupoteza dawa, kwa sababu klorini huishiwa nguvu ikikutana na ute na uchafu kabla ya kuwafikia waliomo. Kwa chombo kilichoshika mkojo, damu au usaha, sugua kwanza kwa sabuni, kisha tumia JIK: ikiwa nguvu yake ni asilimia 3.5, changanya sehemu moja na maji sehemu sita, upate asilimia 0.5. Soma karatasi ya chupa kwani nguvu hutofautiana, na usiitumie kwenye mwili wa mgonjwa.

Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60, au kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30 ikiwa haina uchafu unaoonekana. Wanaokuja kumjulia hali mgonjwa wanane kwa pamoja, kila mmoja akampa mkono, akashika reli ya kitanda, kisha akaenda kitanda cha pili kumsalimia jirani, nao wanawe, wanapoingia na wanapotoka. Ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni mwa wodi ni kitu ambacho kamati ya msikiti inaweza kukitoa sadaka wiki hii.